Kizimba cha uume: kupima, kuchagua na kukivaa bila kujiumiza

Ukikifungua na kukitandaza mezani, kizimba cha uume, yaani kifaa kinachofungwa kwa kufuli kuzuia uume usisimame kikamilifu, ni vipande vichache tu. Kuna pete inayopita nyuma ya korodani na kukutana juu ya shina la uume. Kuna mrija, au kikapu, unaoubeba uume wenyewe. Kuna pini inayounganisha hivyo viwili, na kufuli. Hakuna mkanda kiunoni wala kinachoingia mwilini. Kinachokizuia kisitoke ni ile pete, kwa kuwa korodani mbili zikishapita mbele yake haziwezi kurudi nyuma kwa pamoja. Kwa hiyo anayechagua kwa kutazama sura ya mrija, halafu akakubali pete yoyote iliyokuja nao, anajitafutia shida. Pete ndiyo inayoamua kama utavaa kwa muda wa saa nane kwa raha au utavua baada ya dakika arobaini huku umekunja uso. Maelezo marefu zaidi hapa chini ni ya pete, na ni kwa makusudi.

Kabla ya kununua

Haya ni mambo ya watu wazima walioridhia, awe mtu anayevaa kwa hiari yake mwenyewe au wawili waliokubaliana. Ridhaa hiyo haifungwi pamoja na kufuli. Anayevaa akisema basi, kinafunguliwa hapo hapo na mazungumzo yanafuata baadaye. Anayefungwa kwa vitisho, kama adhabu, au kwa sababu mwenzake ana wivu na anataka kuhakikisha, hajaridhia. Huo ni unyanyasaji, hata pete iwe imemkaa vizuri namna gani. Mnaoanza pamoja, kubalianeni mapema neno moja la kusimamisha kila kitu, muda wa juu wa kuvaa, na mahali ulipo ufunguo wa dharura. Andikeni ikibidi.

Wapo ambao kifaa hiki hakiwafai kabisa. Mwenye selimundu yuko katika hatari ya uume kusimama kwa saa nyingi bila kulala, na kuufungia ndani ya pete ngumu ni kujiongezea balaa. Mwenye kisukari kilichoshaleta ganzi hataisikia pete ikimkata. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atavilia damu kwa kubanwa kidogo tu. Mwenye ngiri ya kinena, au uume uliopinda kwa sababu ya makovu ya ndani, amuone daktari kwanza. Sildenafil (Viagra) na dawa za jamii yake za kusimamisha uume hazichanganywi na kizimba siku hiyo. Ukiwa na mchubuko, fangasi au maambukizi ya njia ya mkojo, subiri upone ndipo uvae.

Usivae ukiwa umelewa, wala usilale nacho baada ya kumeza dawa za usingizi. Maumivu ndiyo kengele pekee uliyo nayo, na pombe huizima.

Kupima pete

Chukua uzi usiovutika, au kamba nyembamba ya viatu. Simama wima, mwili ukiwa na joto la kawaida, uume umelala. Pitisha uzi nyuma ya mfuko wa korodani, upandishe ncha zote mbili, moja kila upande, zikutane juu ya shina pale linapoungana na kinena. Uzi uiguse ngozi bila kuzama. Bana kwa vidole pale ncha zinapokutana, weka alama kwa kalamu, kisha nyoosha uzi kwenye rula. Gawa urefu huo kwa 3.14 upate kipenyo. Mzingo wa milimita 145, kwa mfano, ni kipenyo cha milimita 46.

Usiishie kwenye kipimo kimoja. Mfuko wa korodani hujikunyata kwenye baridi na kulegea kwenye joto, na tofauti yake si ndogo. Pima mara tano au sita ndani ya siku tatu: ukiamka, mchana, baada ya kuoga maji ya moto. Chukua wastani. Vipenyo vya ndani vinavyouzwa kwa wingi viko kati ya milimita 38 na 55, na kama kipimo chako kimeangukia kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Wengi hufanya kinyume kwa kuogopa kizimba kitatoka, nao ndio wanaoishia na mfuko wa korodani ulioiva rangi ya zambarau kufikia jioni.

Pete inayokukaa ina dalili tatu unazoweza kuzithibitisha kwa mkono. Ncha ya kidole kidogo inapita kati yake na ngozi pande zote. Unaweza kuizungusha kidogo bila ngozi kuivutia nyuma. Na ukiivuta mbele taratibu, korodani hata moja haiteleziki kurudi. Pete ikiwa ndogo mno, korodani zinavimba na kuwa baridi. Ikiwa kubwa mno, kifaa kinaning'inia, uzito wake unavuta chini, na ngozi ya chini ya mfuko inachubuka kwa kusuguliwa kila hatua. Hapo ndipo mtu hufanya kosa la pili: badala ya kupunguza pete, anabana mwanya kati ya pete na mrija, na sasa ana mchubuko pamoja na kufinywa.

Umbo nalo lina uzito wake. Pete nyembamba kama waya hukata; yenye unene wa milimita 5 hadi 8 na kingo za mviringo hutandaza mgandamizo. Pete ya yai au iliyopindishwa kufuata kinena huwafaa wengi kuliko ya duara kamili, kwa sababu mwili pale si duara. Na kwa anayeanza, chagua pete inayofunguka kwa bawaba au ya vipande viwili. Pete isiyofunguka lazima itoke kwa njia ile ile iliyoingilia, korodani moja moja, na siku eneo likivimba njia hiyo imeshafungwa. Bawaba inaweza kunasa unywele, kweli, lakini huo ni usumbufu wa sekunde mbili.

Mrija na mwanya

Urefu wa mrija unapimwa uume ukiwa umelala, rula ikigusa kinena kwa juu bila kusukumwa ndani, mpaka ncha. Toa milimita 5 hadi 10 kwenye kipimo hicho. Inaonekana ajabu kutaka mrija mfupi kuliko uume, lakini nafasi tupu mbele ndiyo inayoleta shida: uume unaanza kujaa, unasukuma kifaa chote mbele, na pete inavuta korodani. Tena ncha ikiwa mbali na tundu, mkojo unasambaa ndani ya mrija badala ya kutoka. Usipitilize, hata hivyo. Ukiona ngozi ya kichwa inachomoza kwenye matundu kama unga kwenye chekeche, mrija ni mfupi mno, na matundu hayo yataacha alama, kisha vidonda.

Upana unapatikana kwa kugawa mzingo wa katikati ya uume uliolala kwa 3.14. Mrija uguse ngozi bila kuibana. Ukiwa mpana sana, uume unajikunja ndani na kujisugua.

Kati ya pete na mrija panabaki mwanya, na mfuko wa korodani unaning'inia kupitia hapo. Anza na milimita 10. Chini ya 8, ngozi laini ya juu ya mfuko inafinywa kila unapokaa. Zaidi ya 13 hivi, uume unaweza kujirudisha nyuma na kuchomoka. Vifaa vingi vya plastiki huja na vipete vyembamba vya kuongeza au kupunguza mwanya huu, nawe ongeza au punguza kimoja kimoja, ukivaa saa chache kabla ya kubadilisha tena. Kufinywa kwa mwanya kunatambulika kirahisi: maumivu ni makali kama ya kubanwa na zipu, yako sehemu moja ndogo, na huja ukikaa au ukipandanisha miguu. Maumivu ya pete ndogo ni mazito, yamezunguka kote, na huongezeka polepole. Ukijua kutofautisha hayo mawili, umeshajua kipande gani cha kubadilisha.

Kimetengenezwa kwa malighafi gani

Polikaboneti na plastiki ngumu za kufanana nayo ni nyepesi, hazina baridi, na pete yake hukatika kwa koleo ya kawaida ikilazimu. Kwa mwezi wa kwanza hizo zinatosha. Udhaifu wake ni mshono wa kiwandani, ule mstari mwembamba unaobaki pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Pitisha kipande cha pamba juu ya kila ukingo, ndani na nje. Pamba ikinasa nyuzi, ngozi itanasa pia. Sugua hapo kwa msasa laini wenye maji, kuanzia namba 400, kisha 800, umalizie na 1500, mpaka pamba ipite bila kushika.

Chuma cha pua cha daraja la 316L husafishika vizuri kuliko vyote na hudumu, ila kina uzito, na kina nikeli. Ukiwa mtu anayewashwa na hereni au bizimu ya mkanda, nenda kwenye titani, ambayo ni nyepesi zaidi na haina nikeli. Kimbia aloi za bei ya chini zilizopakwa kromu. Rangi ile ya kung'aa hubanduka kwa jasho na mkojo ndani ya majuma machache, na chini yake kuna madini machafu na kingo zenye kukwaruza.

Silikoni ni laini na wengi huiona salama zaidi kwa sababu hiyo. Si hivyo moja kwa moja: inavutika, kwa hiyo uume unasimama nusu ndani yake na kubanwa kwa muda mrefu bila maumivu makali ya kukuamsha. Inafaa kwa saa chache. Vifaa vilivyochapishwa kwa printa za 3D vinaweza kukukaa vizuri sana kwa kuwa vinafuata vipimo vyako, lakini uliza vimetengenezwa kwa malighafi gani. Resini isiyooshwa na kukaushwa ipasavyo kwa mwanga wa urujuanimno huunguza ngozi. Ikiwa inanata au inanuka kemikali, usiivae. Naironi ya unga ina vinyweleo vinavyonyonya mkojo na jasho, na isipofunikwa kwa rangi maalumu itanuka hata ukiiosha kila siku.

Kufuli na ufunguo

Jaribu kufuli mara kumi mezani kabla halijagusa mwili, kwa funguo zote mbili. Chumvi ya jasho na mkojo huozesha makufuli madogo kwa ndani. Unga kidogo wa grafiti kila baada ya majuma mawili huyaweka hai, na likianza kukwama mara moja tu, litupe.

Ufunguo wa pili hauondoki kwako kamwe. Mwenzi anaweza kuwa na wa kwanza, avae shingoni au aufiche anakotaka, lakini wewe unayevaa lazima uweze kujifungua ndani ya dakika chache bila kumpigia simu mtu yeyote. Utie kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi ya mtunza ufunguo juu ya mkunjo. Ikifunguliwa itajulikana, na mchezo wenu haujaharibika. Njia nzuri zaidi ni lakiri za plastiki zenye namba, zile zinazofungwa kwenye mita na makontena. Inakaa badala ya kufuli, mtunza ufunguo anaandika namba yake, na siku ya dharura inakatwa kwa mkasi. Ni nyepesi, haigongi, na haina ufunguo wa kupotea. Nawe hakikisha kwa vitendo kuwa mkasi ulio nao unafika pale lakiri ilipo.

Mtu uliyemfahamu mtandaoni hafai kuwa mtunza wa ufunguo pekee. Hawezi kukufikia, hajui rangi ya ngozi yako ikoje, na baadhi yao wanachotaka ni picha za kukutisha nazo baadaye.

Kuhusu makufuli yanayofunguliwa kwa simu, kuna kisa kinachopaswa kujulikana. Mwaka 2020 wataalamu wa usalama wa kompyuta nchini Uingereza, Pen Test Partners, walionyesha kwamba kizimba kimoja kilichouzwa chenye Bluetooth kingeweza kufungwa na mtu yeyote kupitia intaneti, na hakikuwa na njia ya kukifungua kwa mkono. Mapema 2021 zikaja habari za wavamizi waliowafungia watumiaji na kudai malipo ya bitcoin. Kwa hiyo kifaa cha aina hiyo kisichokuwa na tundu la ufunguo wa kawaida, usikinunue. Visanduku vya kufungia ufunguo kwa saa vina tatizo dogo la aina hiyo hiyo: betri ikiisha, baadhi havifunguki. Ufunguo wa pili usikae humo.

Kukivaa

Punguza nywele kwa mashine zibaki milimita 3 hadi 5. Usinyoe kwa wembe siku hiyo. Visiki vya nywele chini ya pete ni mateso. Oga, jikaushe, subiri mwili utulie. Ikiwa uume haulali, maji baridi kwa dakika moja au mbili husaidia.

Paka tone la kilainishi cha maji kwenye upande wa ndani wa pete. Kilainishi cha silikoni huharibu vifaa vya silikoni, na mafuta ya mgando hushika uchafu na kudhoofisha baadhi ya plastiki. Kwa pete isiyofunguka, vuta ngozi ya mfuko kupitia pete kwanza, kisha sukuma korodani moja, halafu ya pili, ukitumia kidole gumba na si nguvu. Mwisho uume, ukielekezwa chini na kuingizwa kwa ncha. Pete ya bawaba ni kuizungushia na kuifunga, ukihakikisha hakuna ngozi wala nywele kwenye kiungo.

Kuingiza uume kwenye mrija ndiko kunakowachosha wanaoanza, kwa kuwa ngozi hukunjika nyuma na ncha haifiki mbele. Tumia soksi nyembamba ya naironi. Uvalishe uume soksi hiyo, pitisha mkia wake ndani ya mrija mpaka utokee kwenye tundu la mkojo, kisha vuta soksi kwa mkono mmoja huku mwingine ukisogeza mrija nyuma. Uume unafuata, umenyooka, hauna mkunjo. Ukifika mwisho, endelea kuvuta soksi mpaka itoke yote. Kwa asiyetahiriwa, govi libaki limefunika kichwa kama kawaida yake. Likivutwa nyuma na kukwama hapo, huvimba na kuibana shingo ya kichwa, na likishindwa kurudi hiyo ni safari ya hospitali.

Tundu la mrija liwe sawasawa na tundu la mkojo. Ingiza pini, funga, tembea, kaa, chuchumaa, inama. Kama kuna kufinywa katika mojawapo ya hayo, vua urekebishe sasa hivi.

Siku za kwanza

Siku ya kwanza vaa kwa muda wa saa moja tu, uko nyumbani, uko macho. Vua, tazama ngozi kwa kioo. Alama nyekundu inayofutika ndani ya nusu saa ni ya kawaida. Inayobaki kesho yake si ya kawaida. Siku ya pili saa mbili, kisha tatu au nne. Juma la kwanza usivuke saa sita. Ngozi ya chini ya pete inahitaji muda wa kuzoea kama kisigino kinavyozoea kiatu kipya, na ukiiharakisha unapata kidonda kitakachokupumzisha siku kumi.

Katika saa hizo zichungulie rangi mara kwa mara. Bonyeza kichwa cha uume kwa kidole kupitia tundu kwa sekunde tano, kisha achia. Weupe uondoke na rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu. Gusa korodani: ziwe na joto kama paja lilivyo. Kipimo hiki ni cha bure na kinasema ukweli kuliko maumivu.

Chupi iwe ya kubana kiasi, inayobeba uzito ili usiachiwe pete. Usiendeshe baiskeli nacho, wala michezo ya kugongana. Kabla ya kipimo cha MRI (picha za mwili kwa sumaku), kivue bila kujali kimetengenezwa kwa malighafi gani. Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege chuma kitapiga kelele. Plastiki yenye lakiri kwa kawaida haisumbui kifaa cha kugundua madini, ingawa mashine za kuchunguza mwili mzima huiona.

Usiku

Usiku wa kwanza usiwe kabla ya juma la pili au la tatu. Uume wa mwanaume mwenye afya husimama mara tatu hadi tano kila usiku, zaidi katika usingizi wa ndoto, na kizimba hakizuii hilo kuanza. Kinachotokea ni kwamba uume unajaa mrija, unasukuma mbele, na pete inazivuta korodani. Utaamka. Inuka, nenda ukakojoe, tembea kidogo, weka kitambaa cha baridi. Ndani ya dakika chache huwa pametulia. Pasipotulia kwa dakika 15, vua, ulale. Wengi huhitaji pete kubwa kwa milimita 2 au 3 kwa ajili ya usiku, na kununua pete ya pili ya saizi hiyo ni matumizi mazuri ya pesa kuliko mrija mpya.

Kusimama huko kwa usiku huipelekea misuli ya uume damu yenye oksijeni, kwa hiyo hatushauri kufunga usiku baada ya usiku kwa miezi bila pumziko. Acha angalau usiku mbili kila juma bila kifaa. Na kamwe usilale umevaa pete peke yake bila mrija: uume ukisimama kikamilifu ndani ya pete ngumu, damu inaingia na haitoki.

Usafi

Kojoa umekaa, ukielekeza mrija chini, kisha tingisha na ufute tundu kwa karatasi laini. Kila siku, ukiwa umekivaa, pitisha maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha suuza mpaka sabuni iishe kabisa, kwani sabuni iliyobaki ndani huwasha kuliko jasho. Bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 20, hupeleka maji pale maji ya kuoga yasipofika. Kausha kwa taulo, kisha kwa draya ya nywele iliyowekwa kwenye upepo baridi. Unyevu uliofungiwa ndio chakula cha fangasi.

Mwanzoni vua kila siku. Ukishazoea, usipitishe siku mbili hadi tatu bila kuvua na kuosha uume na kifaa kando kando. Asiyetahiriwa avue kila siku siku zote, kwa sababu utando mweupe hukusanyika chini ya govi na hauoshwi kupitia matundu. Chuma na silikoni tupu vichemshe dakika 10. Plastiki usichemshe, inaweza kupinda. Maji ya moto kiasi na sabuni yanatosha. Dawa ya madoa usitumie kwenye chochote kati ya hivi.

Mikanda ya wanawake

Mkanda wa kufuli kwa mwanamke ni kifaa kingine kabisa: ukanda wa kiunoni, ukanda wa kati wenye ngao ya matundu, na kufuli mbele. Kinachouangusha ni kipimo cha kiuno. Pima juu kidogo ya mifupa ya nyonga, ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, asubuhi na baada ya kula, na uache nafasi ya vidole viwili. Kingo zifunikwe kwa silikoni, la sivyo mifupa ya nyonga itachubuka siku ile ile. Ngao iguse bila kusukuma. Vua kila siku kuosha, usivae wakati wa hedhi wala ukiwa na mimba, na kuwashwa au uchafu usio wa kawaida ukitokea, weka kando mpaka upone. Kwa wanaume pia ipo, yenye mrija ndani, na inafuata kanuni hizo hizo za kiuno.

Mambo yakienda vibaya

Ganzi, hisia ya sindano ndogo ndogo, ubaridi, rangi ya bluu, zambarau au weupe usiorudi, uvimbe unaoongezeka, damu, kushindwa kukojoa: lolote kati ya haya ni kuvua sasa, si baada ya kumaliza muda mliokubaliana. Ukishavua na rangi ikarudi ndani ya dakika chache, pumzika siku mbili tatu na utafute sababu kwenye saizi. Ganzi ikiendelea baada ya kuvua, muone daktari siku hiyo.

Maumivu makali ya ghafla kwenye korodani moja, hasa ikiwa imepanda juu au inaambatana na kichefuchefu, yanaweza kuwa korodani iliyojisokota kwenye mshipa wake. Nafasi ya kuiokoa ni nzuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo, kwa hiyo usilale ukisubiri asubuhi. Uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kulala nao ni dharura, kifaa kikiwepo au kimeshatoka.

Pete ikikwama, usiivute. Lala chali, weka mto chini ya makalio, funika kwa barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa kwa dakika 10, paka kilainishi kingi. Uume unatangulia kurudi kupitia pete, korodani zinafuata moja moja. Jaribu hivyo mara mbili. Pasipofanikiwa, au ikiwa rangi imeshabadilika, acha. Plastiki nyembamba unaweza kuikata kwa koleo ukiwa umepitisha kijiko bapa kati yake na ngozi. Chuma usikikate nyumbani kwa gurudumu la umeme; kinapata moto kwa sekunde chache na gurudumu huteleza.

Nenda idara ya dharura. Wahudumu wa hapo huondoa pete zilizokwama, kwenye vidole na kwingineko, na aibu ya nusu saa ni nyepesi kuliko kupoteza kiungo. Waambie mambo matatu mara unapofika: kifaa kimetengenezwa kwa malighafi gani, kwa sababu titani na chuma kinene huwa vigumu kukata kwa msumeno mdogo wa pete, kimevaliwa tangu saa ngapi, na ganzi ilianza lini. Kama una ufunguo na kufuli ndilo lililogoma, nenda nao.